Mausi isiyo na waya ikigoma: uliza kwanza nini bado kinafanya kazi

Mama mmoja mwenye steshenari jirani na chuo alinipigia simu akiwa na uhakika kabisa kwamba wanafunzi wanamletea virusi. Ushahidi alikuwa nao. Kila mwanafunzi akichomeka flashi au eksteno (diski ya nje) ili achapiwe kazi yake, mausi inashikwa na wazimu. Mshale unaganda, unaruka, unafika ukingoni mwa skrini bila kutumwa. Flashi ikichomolewa, mausi inapona. Alikuwa amekwisha nunua mausi tatu, na antivirasi ilikesha ikiskani bila kukuta kitu. "Halafu fundi, hii ya tatu ndiyo kabisa," akasema. "Tangu niitoe dukani haijafanya kazi hata siku moja."

Naanza na huyu mama kwa sababu alichokiona kilikuwa kweli tupu. Flashi za wanafunzi ndizo zilizokuwa zikiiua mausi yake. Alichokosea ni jina la ugonjwa. Na hapo ndipo wengi tunapopotea na mausi hizi: tunaona dalili sawasawa, tunataja ugonjwa mwingine, kisha tunakwenda dukani.

(Vitabuni inaitwa kipanya, najua. Ila kwa sisi tuliopanda Hiace zile za daladala, kipanya ni kitu chenye konda. Nitasema mausi.)

Mausi ya waya ilikuwa kitu rahisi. Waya ukikatika, imekufa. Ukiwa mzima, inafanya kazi. Ulipoondolewa waya, mahali pake pakaingia mlolongo wa vitu vitano vinavyotegemeana: betri, jicho la chini linalotazama meza, redio ndogo iliyo tumboni mwa mausi, risiva (kidude kidogo cha USB kinachopokea ishara za mausi) iliyochomekwa kwenye laptopu au Bluetooth ya laptopu yenyewe, na mwisho Windows inayopokea habari na kusogeza mshale. Kimoja kikilegea tunasema "mausi imekufa". Neno moja, magonjwa matano. Ndiyo maana swali la kuuliza si kama imekufa au haijafa. Uliza ni kitu gani bado kinafanya kazi.

Kabla ya kuuliza lolote, hakikisha unayo njia ya kuiendesha laptopu. Laptopu nyingi zina mpangilio unaozima tachipadi, yaani kile kibao cha kugusa chini ya kibodi, mara tu mausi inapochomekwa. Yenyewe haijui kwamba mausi haifanyi kazi. Inaona risiva ipo, basi inaizima tachipadi, nawe unabaki bila hiki wala kile. Nimeona watu wakibeba laptopu kwa fundi kwa tatizo hili, na dawa yake ni kuchomoa risiva tu. Tachipadi isiporudi, tafuta kwenye safu ya F kitufe chenye picha ya tachipadi, ukibonyeze huku umeshika Fn. Ikishindikana kabisa, kibodi inatosha: Tab na vishale vya kusogea, Enter ya kufungua, Shift pamoja na F10 badala ya kubofya kulia.

Sasa kipimo chenyewe. Kwa tachipadi, peleka mshale juu ya folda yoyote. Ushike mausi, usiisogeze, ubofye mara mbili. Folda ikifunguka, umepata habari kubwa kuliko unavyodhani: betri ipo, redio inatuma, risiva inapokea, Windows inasikia. Viungo vinne kati ya vitano vimepimwa kwa kubofya tu. Kilichobaki ni jicho.

Jicho hilo ni kamera ndogo sana. Hupiga picha za meza, zaidi ya 1,000 kwa sekunde, na kulinganisha kila picha na iliyotangulia ili kujua umesogea upande gani na kwa kiasi gani. Linahitaji uso wenye vijitundu na mikwaruzo midogo, hata ile ambayo macho yetu hayaioni. Meza ya kioo ya sebuleni haina cha kulinganisha. Kitambaa cha plastiki kinachong'aa nacho hulichanganya, hasa kikiwa na maua makubwa. Weka karatasi nyeupe ya kawaida chini ya mausi. Mshale ukianza kutembea, kesi imekwisha. Usipotembea, igeuze mausi uangalie kishimo cha jicho, kwa sababu unywele mmoja uliolala pale unatosha kuufanya mshale utetemeke kama una homa. Pamba ya masikio, basi.

Usiihukumu mausi kwa taa. Wengi huigeuza, wasipoona taa nyekundu husema imekufa. Mausi nyingi za siku hizi hutumia mwanga wa infraredi, ambao binadamu hauoni. Jaribu kuitazama kupitia kamera ya simu, mara nyingi ya mbele, kwa sababu kamera nyingi huuona mwanga huo na kuuonyesha kama nukta ya zambarau hafifu.

Kama kubofya nako hakujibu, fanya kipimo cha pili. Chukua mausi pamoja na risiva yake, uchomeke kwenye laptopu ya jirani. Ikifanya kazi kule, mausi ni nzima na tatizo liko kwako. Isipofanya, iache laptopu yako ipumzike. Usibadilishe mpangilio wowote, usiweke draiva (programu ndogo inayoifanya Windows ielewane na kifaa), usipige Windows upya. Nasema hivi kwa uchungu kidogo, maana nimeletewa laptopu iliyopigwa Windows upya na mafaili ya mwenyewe yakapotea, na kilichokuwa kimekwisha ni betri ya mausi.

Kwa hiyo tuanze na betri. Swichi ya chini hujizima ikisuguana na nguo ndani ya begi, itazame kwanza. Mausi mpya mara nyingi huja na kipande cha plastiki kilichopachikwa kati ya betri na chuma chake, na kisipovutwa umeme haupiti. Na betri mpya si lazima iwe nzima. Mawe ya bei ya chini, ya aina ile ya kuwekea tochi, huisha mapema kuliko alkalaini, zile zilizoandikwa Alkaline. Betri za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo mausi inaweza kukuambia chaji iko chini wakati umetoka kuijaza. Mausi nyingi hufanya kazi vizuri tu na volti hizo. Onyo ndilo linalodanganya.

Anayekaa Tanga, Unguja, Mombasa au popote upepo wa bahari unapofika atazame vyuma vinavyogusa betri. Hewa ya chumvi huvila polepole. Betri ya alkalaini iliyovuja huacha ungaunga mweupe. Uguse kwa pamba iliyochovywa kwenye siki au ndimu kidogo, ufute, uache pakauke kabisa kabla ya kurudisha betri. Mausi iliyokaa mwaka mzima ndani ya droo na betri yake tumboni huuawa na ungaunga huo.

Dalili ya betri iliyochoka, ambayo haijaisha bado, ni hii: mausi inafanya kazi ukiisogeza karibu na risiva, inasuasua ukiiweka mbali. Kumbuka dalili hii, kwa sababu tutakutana nayo tena na safari hiyo betri haitakuwa na kosa.

Risiva ina siri yake. Mausi ya kawaida na risiva yake hufungishwa ndoa kiwandani. Risiva ya mausi nyingine, hata ya kampuni ile ile, hata zikifanana kama pacha, haitaisikia. Ukipoteza risiva ya mausi ya bei ndogo, mara nyingi umepoteza mausi. Baadhi ya kampuni zimelegeza sheria hiyo. Logitech, kwa mfano, tangu 2009 ina risiva ya Unifying yenye alama ndogo ya rangi ya chungwa, inayoweza kuunganishwa na vifaa hadi sita kwa kutumia programu yake. Mwaka 2021 ikaleta nyingine iitwayo Logi Bolt, nazo hizo mbili hazisikilizani. Kwenye mausi mpya risiva mara nyingi huwa imefichwa kwenye kichumba cha betri, ndani ya tumbo la mausi, na huko ndiko watu wengi wasikoangalia.

Kuna mausi isiyokufa ila inasinzia. Unatoka kwenda kunywa chai, ukirudi haisikii. Unachomoa risiva, unachomeka, inaamka. Hapa anayelala ni tundu la USB. Ili kuokoa betri, Windows huzima umeme wa tundu lisilo na kazi, na kuna laptopu zinazoshindwa kuliamsha vizuri. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Device Manager, shuka mpaka Universal Serial Bus controllers, fungua kila USB Root Hub, na kwenye Power Management ondoa tiki inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kuokoa umeme. Baadhi ya laptopu mpya hazionyeshi ukurasa huo. Kwa hizo, tundu la upande wa pili linaweza kuwa na tabia nzuri zaidi.

Na jambo ambalo wateja hunibishia kila mara: kuzima laptopu na kuiwasha si sawa na Restart. Tangu Windows 8, iliyotoka 2012, ukibofya Shut down, kwenye kompyuta nyingi kiini cha Windows hakizimwi. Huhifadhiwa kwenye diski kama kilivyo, na kasoro zake zote, kisha hurudishwa asubuhi ili kompyuta iwake haraka. Draiva iliyochanganyikiwa jana inaamka imechanganyikiwa. Restart ndiyo inayoanza upya kabisa. Mtu anaweza kuizima laptopu kila usiku kwa miezi mitatu bila kuwa ameianzisha upya hata mara moja.

Turudi kwa mama wa steshenari, maana ugonjwa wake hauko kwenye lolote kati ya haya. Uko hewani.

Mausi nyingi za risiva, pamoja na Bluetooth na Wi-Fi ya kawaida, huongea kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Ni kipande kidogo cha hewa ambacho katika nchi nyingi unaruhusiwa kukitumia bila leseni, na ndiyo maana kila mtu yumo. Kati ya hao wote mausi ina sauti ndogo kuliko karibu kila mtu. Redio yake hutuma kwa nguvu ya takriban miliwati moja tu. Ingetuma kwa nguvu zaidi, betri isingemaliza miezi. Ananong'ona, basi, na mradi pametulia risiva inamsikia.

Kisha ikaja USB 3. Kanuni zake zilitolewa 2008, na kasi yake ni gigabiti 5 kwa sekunde, zaidi ya mara kumi ya USB 2 iliyoishia megabiti 480. Kasi hiyo ina gharama ambayo mnunuzi haambiwi. Ishara zinazopita kwenye waya kwa mwendo huo humwaga kelele ya redio kwenye masafa mapana sana, na gigahezi 2.4 imo katikati yake. Kelele hiyo haihitaji antena. Hutoka kwenye tundu, kwenye waya wa eksteno, hata kwenye flashi yenyewe. Aprili 2012 kampuni ya Intel, ambayo ndiyo mmoja wa wazazi wa USB, ilichapisha vipimo vyake waziwazi: diski ya USB 3 ikichomekwa, kelele kwenye masafa hayo hupanda kwa karibu desibeli 20. Kwa hesabu ya kawaida, nguvu ya kelele inakaribia kuzidi mara 100.

Fikiria mtu anakunong'oneza, halafu jirani yenu anawasha mashine ya kusaga. Ndivyo risiva ya mama ilivyokuwa. Laptopu yake ina matundu mawili upande wa kulia, yamekaribiana kama meno. Kwenye moja risiva ilikaa siku zote; kwenye la pili ndipo zilipoingia flashi za wanafunzi. Zile za zamani za USB 2 hazikuleta shida, ndiyo maana ugonjwa ulikuja na kuondoka. Mpya, zenye buluu mdomoni, zilipiga kelele sentimita mbili kutoka kwenye sikio la risiva. Mama alikuwa amegundua hata kwamba wanafunzi wenye flashi nzuri ndio wenye virusi vikali zaidi. Angefaa kuwa mtafiti.

Nilimwomba aitoe mausi ya pili kwenye droo, aisogeze mpaka iguse laptopu, flashi ikiwa bado imechomekwa. Mshale ukatulia. Akairudisha mahali pake, ukaanza kuruka tena. Ile ile dalili ya betri iliyochoka, na betri ilikuwa mpya.

Dawa yake ni umbali. Ihamishe risiva upande wa pili wa laptopu. Kama matundu yote yako upande mmoja, tafuta waya wa ekstensheni wa USB, hata wa nusu mita, uitoe risiva mpaka karibu na mausi yenyewe. Tofauti huonekana hapo hapo. Wengi hudhani tundu la buluu ndilo adui wa risiva, si kweli. Risiva ikikaa humo peke yake haina neno, shida ni jirani yake. Na mama nilimpa dawa ya pili ninayoipenda zaidi: habu ya zamani ya USB 2, kile kidude cha kuongeza matundu, ya kuchomekea flashi za wateja. Flashi ya USB 3 ikipita kwenye habu hiyo inalazimika kuongea kwa kasi ya zamani, na kelele ile haitoki. Kunakili kunakuwa polepole, lakini kwa kazi ya kurasa arobaini ya kuchapa nani atagundua?

Mwenye mausi ya Bluetooth asidhani ameokoka. Bluetooth ni mjanja zaidi, huruka kutoka chaneli moja hadi nyingine na kuzikwepa zenye vurugu, ila kwenye laptopu nyingi inakaa kadi moja na Wi-Fi na wanagawana antena. Ukipakua faili kubwa kwa Wi-Fi ya gigahezi 2.4, mausi inaweza kusuasua. Na kwetu intaneti mara nyingi ni hotspot ya simu, nayo simu tunailaza wapi? Pembeni ya mausi. Kama simu na laptopu zinaweza, badilisha hotspot iwe ya gigahezi 5. Kama haziwezi, isogeze simu nusu mita kushoto. Jambo jingine kwa mausi za Bluetooth: geuza utazame kama kuna kitufe chenye namba 1, 2, 3. Ni cha kuhamisha mausi kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na kidole kikikigusa kwa bahati mbaya, mausi inakwenda kutafuta kompyuta ya pili ambayo hujawahi kuwa nayo. Rudisha kwenye 1. Isiposikia, ifute kwenye orodha ya Bluetooth ya laptopu, iwashe Bluetooth upya, uiunganishe kama mgeni.

Ile habu ilipowekwa, wanafunzi wakaachiwa huru na tuhuma za virusi. Mausi ya kwanza na ya pili, zilizokuwa zimetupwa kwenye droo, tukazijaribu: nzima zote mbili.

Ikabaki ya tatu, ile iliyokuwa haijafanya kazi hata siku moja, na ambayo alikuwa amekwenda kugombana nayo dukani. Nikamuuliza risiva yake iko wapi. Akanionyesha iliyochomekwa kwenye laptopu. "Si hii hapa, ilikuwepo tangu zamani." Nikafungua kifuniko cha betri cha mausi ya tatu. Risiva yake ilikuwa imelala mle ndani, bado ina vumbi la kiwandani, haijawahi kutoka.